Usukani wa ndege ya kujijengea: kipande chepesi, kazi nzito

MKAZI wa Kilelengwani hahitaji kufafanuliwa usukani ni kitu gani. Kijiji hicho kimo katika delta ya Mto Tana, eneobunge la Garsen, si mbali na Kipini ambako mto huo mrefu kuliko yote nchini Kenya humwaga maji yake katika Bahari Hindi. Mtumbwi wa mtoni hauna usukani; kafi au upondo wa yule aliye tezini ndio humwambia mtumbwi uelekee wapi. Lakini mashua za baharini zina ubao uliotundikwa kwa bawaba za chuma kwenye fashini, na nahodha hushika kana, kile kipini cha kuzungushia ubao huo, akaupeleka huku na huku kulingana na upepo na mkondo.

Njia ya moja kwa moja ya angani kati ya Malindi na Lamu hupita karibu na delta hiyo hiyo. Ndege ndogo zinazoifuata zina usukani pia, na Kiswahili hakikuona haja ya kuutafutia jina jipya. Neno rubani lilikuwa la bahari kabla halijawa la anga: rubani alikuwa mjuzi wa kuingiza chombo bandarini kupitia miamba na mafungu ya mchanga. Leo ndiye aendeshaye ndege.

Wasomaji wengi walilisikia jina la Kilelengwani kwa mara ya kwanza mnamo Septemba 2012, kijiji kiliposhambuliwa na zaidi ya watu 30 wakauawa wakati wa mapigano ya delta ya Tana. Tatizo jingine la eneo hilo, ambalo halipati vichwa vikubwa vya habari ila mvua inapozidi, ni kufikika. Mafuriko ya mwisho wa mwaka 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yalikata barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu katika sehemu ya Lango la Simba karibu na Gamba, na watu wakarejea kwenye boti. Katika hali kama hiyo ndipo huzuka mazungumzo ya vibarazani: kwa nini mtu mwenye karakana na akili timamu asijijengee ndege ndogo ya kuvuka maji?

Swali si la mzaha. Ndege za kujijengea zipo, ni halali katika nchi nyingi, na maelfu yake huruka kila siku. Makala haya yanachukua sehemu moja tu ya ndege hizo, usukani wa mkia, na kueleza unavyofungwa. Sehemu hiyo imeteuliwa kwa makusudi. Ni nyepesi kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja, ni rahisi kuunda kuliko bawa, na aghalabu ndiyo mjenzi huanza nayo. Hata hivyo, ikifungwa vibaya hakuna sehemu nyingine ya ndege itakayoweza kufanya kazi yake kikamilifu.

Ndege ya kujijengea huuzwa ikiwa vipande katika masanduku: mabati ya alumini yaliyokwisha kukatwa na kutobolewa, mirija, bolti, ribiti kwa maelfu, na kitabu cha michoro. Mjenzi huviunganisha nyumbani kwake kwa miezi au miaka. Huko Marekani utamaduni huu ulipata chama chake mwaka 1953, Paul Poberezny alipoanzisha EAA mjini Milwaukee, na sheria ya huko inamtaka mjenzi wa kujifurahisha na kujielimisha awe ameifanya sehemu kubwa ya kazi kwa mikono yake. Kampuni ya Van's Aircraft ya jimbo la Oregon, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mapema katika miaka ya 1970, imewawezesha wajenzi kurusha zaidi ya ndege 10,000 za aina yake. Kampuni nyingine, Zenith ya mji wa Mexico katika jimbo la Missouri, imekuwa ikiendesha warsha za siku mbili ambako mgeni asiyewahi kushika ribiti huingia mikono mitupu na kutoka amebeba usukani mzima alioujenga mwenyewe. Hesabu yao ya kibiashara ni ya busara: aliyekwisha kuwa na usukani wa ndege nyumbani atatamani kununua sehemu iliyobaki.

Kabla ya kushika spana, yafaa ieleweke usukani huo hufanya nini, kwa kuwa hapa ndipo mfano wa mashua unapotupotosha. Usukani wa mashua hugeuza mashua. Usukani wa ndege haugeuzi ndege, au tuseme kugeuza si kazi yake kuu. Ndege hugeuka kwa kulala upande, kama mwendesha baiskeli anavyolalia kona. Rubani akitaka kwenda kushoto huelekeza mkono wake kushoto. Kibao kilicho mwisho wa bawa la kulia hushuka na kuliongezea bawa hilo nguvu ya kuinuka, huku kile cha kushoto kikipanda. Ndege hulala kushoto, na nguvu ya mabawa yenyewe ndiyo huivuta katika mzunguko.

Tatizo ni kwamba hewa haitoi bure. Bawa lililoongezewa nguvu ya kuinuka hukumbana pia na ukinzani mkubwa zaidi, hivyo huburutwa nyuma. Matokeo yake ni kioja: rubani anaomba kwenda kushoto, na pua ya ndege inaanza kwa kuelekea kulia. Ndipo mguu wa kushoto unapokanyaga pedali, usukani ukafunguka kushoto, mkia ukasukumwa kulia, na pua ikarejea mahali pake. Katika dashibodi mna mrija wa kioo uliopinda, wenye maji mazito na gololi ndani yake. Gololi ikikaa katikati, miguu na mikono vinasikilizana. Ikikimbilia pembeni, ndege inateleza kimbavumbavu angani.

Orville na Wilbur Wright walilijua jambo hili kwa kuumia. Ndege yao isiyo na injini ya mwaka 1902 ilikuwa mwanzoni na mapezi mawili ya wima nyuma, yaliyofungwa yasicheze. Mara kwa mara ilipolala upande iliteleza ikajipiga kwenye mchanga wa Kitty Hawk. Katika Oktoba ya mwaka huo waliyaondoa mapezi hayo wakaweka pezi moja linalozunguka, lililounganishwa na mitambo ya mabawa, na tangu hapo ndege ikageuka bila kuwaasi. Safari ya kwanza ya ndege yenye injini, Desemba 17, 1903, ilikuja baada ya fumbo hilo kufumbuliwa. Nionavyo, yale majaribio ya 1902 yanastahili sifa kuliko siku yenyewe iliyoingia katika vitabu vya watoto.

Zipo nyakati tatu ambapo usukani huwa tegemeo kubwa la rubani wa ndege ndogo. Ya kwanza ni wakati wa kupaa, hasa kwa ndege yenye gurudumu la mkiani: rafadha huizungushia ndege hewa ambayo hulipiga pezi la mkia upande mmoja, na bila mguu wa kulia ndege nyingi hukimbilia kushoto hadi zikaingia majanini. Ya pili ni kutua huku upepo ukivuma kutoka ubavuni. Pwani yetu yazijua pepo mbili kubwa, kusi na kaskazi, na kiwanja hakiwezi kuhamishwa kila msimu ubadilikapo; rubani hulalisha bawa moja upande wa upepo, na kwa mguu wa upande wa pili huinyoosha pua ifuate njia. Ya tatu ni ndege inapopoteza kasi ikaanza kuanguka huku ikizunguka kama pia. Dawa yake ya kwanza baada ya kupunguza injini ni kukanyaga pedali iliyo kinyume na mzunguko, hadi mwisho wake. Usukani ukishindwa kufika mwisho wakati huo, hakuna dawa ya pili.

Tuingie karakanani.

Usukani wa ndege ndogo ya alumini ni kama mfuko mrefu wa bati uliotandwa juu ya mbavu chache na mhimili mmoja. Unene wa bati hilo haufiki milimita moja. Mbele ya pezi la wima hakuna kazi. Bawaba zote ziko nyuma yake, na katika aina nyingi huwa tatu: juu, katikati na chini. Aina chache, kama Zenith CH 701, hazina pezi lililosimama imara hata kidogo. Kibao chote cha wima huzunguka. Hapa tutafuata mtindo wa kawaida wa pezi lililotulia na usukani unaoning'inia nyuma yake.

Kwanza pezi lenyewe lisimame wima. Fundi wa nyumba atatambua zana zake hapa: timazi, pima maji na uzi. Ndege husawazishwa kwanza chini ya magurudumu, kisha timazi huteremshwa kutoka ncha ya pezi. Baada ya hapo hupimwa umbali kutoka ncha hiyo hadi ncha ya kila bawa la ulalo la mkia, kulia na kushoto. Vipimo viwili vikilingana, pezi limesimama sawa. Ziko ndege ambazo pezi lake husogezwa kidogo kimakusudi ili kupinga ule msukumo wa rafadha, na katika hizo mchoro wa mtengenezaji ndio hukumu. Mjenzi asiyesoma mchoro huo "atarekebisha" kisichokuwa kosa.

Pili ni mstari wa bawaba. Katika ndege nyingi za vifaa vya masanduku, kila bawaba upande wa usukani ni mpini wenye hesi uliobeba beringi ndogo kichwani, unaoingizwa katika mhimili wa usukani na kukazwa kwa nati ya kubana. Upande wa pezi kuna masikio mawili ya alumini. Kichwa chenye beringi huingia kati yake na bolti hupenya zote. Mchoro hutaja umbali kamili kutoka kwenye mhimili hadi katikati ya beringi. Mjenzi hupima, huzungusha mpini nusu mzunguko ndani au nje, hupima tena. Matundu matatu ya beringi lazima yakae katika mstari mmoja kama shanga katika uzi. Bawaba ya katikati ikiwa imejitokeza hata kidogo kuliko mbili nyingine, usukani bado utaingia kwa kulazimishwa, bolti zitapita, na mkono hautagundua lolote siku hiyo. Lakini kila unapozungushwa mhimili utakuwa ukipindwa, na beringi zitaliwa.

Mafundi wa mashua wanaujua ugonjwa huu. Usukani wa jahazi ambao bawaba zake hazikunyooka hukataa kuzunguka mwisho, ukafanya nahodha apigane na kana usiku kucha. Tofauti ni kwamba jahazi litakuchosha tu.

Usukani hutundikwa kwanza kwa bolti za muda, zilizo legelege, ili uweze kutolewa mara tano au kumi. Hutolewa mara tano au kumi kweli. Mjenzi huuzungusha kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho, akichungulia kila upenyo. Sehemu ya juu ya usukani huwa na pembe inayotokeza mbele ya mstari wa bawaba, ambamo kumefichwa kipande cha risasi. Pembe hiyo hupita karibu sana na ncha ya pezi, na ikigusa hata rangi hukwaruzwa. Chini, usukani haupaswi kugusa vibao vinavyoinua na kushusha pua, hata pale vyote viwili vinapokuwa vimefunguliwa hadi mwisho. Upenyo utakaoonekana unatosha karakanani unaweza kuzibwa na rangi, au na joto la kiwanja cha pwani saa nane mchana, au na mpindo mdogo wa mkia angani, kwa hiyo watengenezaji hutaja kiasi cha chini na mjenzi mwangalifu huongeza juu yake.

Kile kipande cha risasi kinastahili kuelezwa peke yake, maana wengi hukiona kama mzigo usio na faida katika chombo ambacho kila gramu huhesabiwa. Bendera ikipigwa na upepo hupepea. Ubao mwembamba wenye bawaba mbele nao hupepea kasi ikizidi, iwapo uzito wake mwingi uko nyuma ya bawaba. Mpepeo huo ukianza angani huongezeka wenyewe, na unaweza kuung'oa usukani pamoja na pezi katika sekunde chache. Risasi iliyo mbele ya bawaba huurudisha uzito mbele na kuunyima mpepeo nafasi ya kuzaliwa. Ndiyo sababu kupaka rangi usukani mara ya pili, au kuuziba tundu kwa kiraka nyuma karibu na ukingo, si jambo la urembo. Kila gramu iliyoongezwa ukingoni huomba zaidi ya gramu moja mbele, na usukani uliopakwa upya hupimwa upya.

Tatu ni vizuizi. Usukani hauachwi uzunguke hadi ugonge kitu. Huwekewa vipande vya alumini vilivyokazwa kwa ribiti, vinavyousimamisha katika kiwango kilichotajwa. Kwa ndege nyingi za Van's kiwango hicho ni kati ya digrii 30 na 35 kila upande. Kupima ni rahisi: mjenzi hukata pembetatu ya ubao au kadibodi yenye digrii zinazotakiwa, huibandika kwenye mkia, na kuufungua usukani hadi ulingane nayo. Asiyeamini macho yake hutumia kipimadigrii. Kiwango kikipungua, rubani atakosa nguvu siku ya upepo wa ubavuni au ya kuzunguka kama pia. Kikizidi, usukani unaweza kugonga vibao vya ulalo, au ukafunguka mno hadi hewa ikashindwa kuufuata na nguvu yake ikapotea.

Nne, nyaya. Chini ya usukani kuna pembe mbili, kulia na kushoto, na kila moja imefungwa waya wa chuma uliosokotwa unaokimbia ndani ya kiwiliwili cha ndege hadi kwenye pedali. Hapa nasihi msomaji asome pole pole. Nahodha akiisukuma kana kushoto, chombo huenda kulia. Mtoto akiusukuma mbele mkono wa kushoto wa baiskeli, gurudumu hugeuka kulia. Rubani akikanyaga pedali ya kushoto, pua huenda kushoto. Mazoea yote mawili ya awali yanadanganya, na kwa hiyo anayefunga nyaya haachiwi aamue kwa hisia. Pedali ya kushoto huvuta pembe ya kushoto, ya kulia huvuta ya kulia, na nyaya hazipishani popote njiani.

Ukaguzi wake ni wa watu wawili. Mmoja huketi ndani, akakanyaga kushoto na kutamka "kushoto". Wa pili husimama nyuma ya mkia akitazama mbele, na kutamka anachokiona: ukingo wa usukani umeelekea kushoto kwake. Kisha kulia. Ndege zilizorudi kazini baada ya matengenezo nyaya zikiwa zimefungwa kinyume si hadithi za kubuni. Zimeua marubani wenye uzoefu, kwa sababu usukani unaozunguka kwa wepesi hupendeza jicho hata ukiwa unakwenda upande usiofaa. Katika nchi zilizofuata desturi ya Uingereza, kazi yoyote iliyogusa mitambo ya kuongozea ndege hukaguliwa na watu wawili waliohitimu, kila mmoja kwa wakati wake, na wote wawili hutia saini.

Mwisho ni kufunga moja kwa moja, na hapa kazi huwa ya kuchosha kuliko inavyoeleweka. Nafasi kati ya masikio ya pezi na mhimili wa usukani haitoshi kidole. Washa nyembamba lazima zikae pande zote mbili za beringi. Zikianguka huangukia ndani ya mkia, na mjenzi huanza kutafuta kwa sumaku ambayo haivuti alumini. Wazoefu huzigandisha washa kwa tone la gundi kwenye ncha ya kijiti, wakazisogeza mahali pake, bolti ikapita, kisha kijiti kikavutwa. Washa moja pana huwekwa pia upande wa nati, ili beringi ikivunjika kichwa cha mpini kisiweze kuchomoka kikaacha bolti.

Nati nazo zina sheria. Zipo zenye pete ya plastiki ndani, ambazo hujibana zenyewe, na mafundi huzipenda kwa kuwa ni za haraka. Lakini pale ambapo bolti inaweza kuzungushwa na kiungo kinachocheza, nati hiyo haitoshi; hutakiwa nati yenye meno kama ngome, na kotapini inayopenya meno hayo na tundu la bolti, kisha ikakunjwa. Nguvu ya kukazia hupimwa kwa spana maalumu. Bolti iliyokazwa kupita kiasi hubana masikio ya alumini, na usukani ukawa mzito mguuni. Iliyolegea hucheza, na kilichochezacheza hupanua tundu lake.

Wako watakaouliza kama hofu zote hizi si za kupita kiasi. Historia ya ndege kubwa, zilizojengwa na wahandisi wenye shahada na kukaguliwa na serikali, ina majibu. Mnamo Oktoba 30, 1935, ndege ya majaribio ya Boeing iitwayo Model 299 ilipaa huko Dayton, Ohio, ikiwa na kufuli la kuzuia vibao vya mkia visipeperushwe na upepo inapoegeshwa, hakuna aliyelifungua. Ilianguka, na marubani wawili wakafa kutokana na majeraha. Orodha ya ukaguzi ambayo kila rubani huisoma leo kabla ya kupaa ilitokana na ajali hiyo. Machi 3, 1991, ndege ya United aina ya Boeing 737 ilianguka Colorado Springs na kuua watu wote 25. Septemba 8, 1994, nyingine ya USAir ikaanguka karibu na Pittsburgh na kuua 132. Wachunguzi walichukua miaka kugundua kwamba vali ndogo ya mitambo ya usukani iliweza kukwama na hata kuupeleka usukani upande ulio kinyume na mguu wa rubani. Novemba 12, 2001, Airbus ya American Airlines ilipoteza pezi lake lote juu ya mtaa wa Queens, New York, baada ya rubani msaidizi kukanyaga pedali kwa nguvu kushoto na kulia mfululizo; watu 265 walikufa, watano kati yao wakiwa ardhini.

Hapa Kenya hamu ya kujenga ndege si ngeni. Katika miaka ya 2010 Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtaalamu wa kompyuta, aliandikwa sana na vyombo vya habari kwa ndege alizoziunda nyumbani akitegemea maarifa ya intaneti. Vijana kadhaa wa sehemu nyingine za Afrika Mashariki wamefuata nyayo hizo, mara nyingi kwa injini za pikipiki na mabati ya kuezekea. Vyombo vya habari hupenda kuwashangilia, na umati hukusanyika siku ya majaribio. Ari yao yastahili heshima. Lakini picha hizo aghalabu huonyesha injini na rafadha, vitu vyenye kelele, na ni nadra mwandishi kuuliza uzito wa usukani ukoje mbele na nyuma ya bawaba, au nani wa pili aliyekagua nyaya.

Mamlaka inayohusika ni ile ya usafiri wa ndege nchini, KCAA. Ndege haiwezi kuruka kihalali bila kusajiliwa, na kupewa herufi zinazoanzia na 5Y, na bila hati inayoonyesha kuwa inafaa kuruka. Mjenzi mwenye busara huenda kwa wakaguzi kabla hajafungua sanduku la kwanza, si baada ya kupaka rangi, kwa sababu ribiti zilizofichwa ndani ya usukani uliofungwa hazionekani tena. Picha za kila hatua na daftari la kazi, lenye tarehe na jina la aliyekagua, humwokolea miezi. Klabu ya ndege ya Afrika Mashariki katika uwanja wa Wilson, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1927, imewakutanisha marubani wa ndege ndogo kwa karibu karne nzima, na huko hupatikana masikio yenye uzoefu.

Kwa ndege itakayolala delta au visiwani, kuna adui ambaye vitabu vya Oregon havimtaji sana. Hewa ya chumvi hula waya wa chuma kutoka ndani, kati ya nyuzi zilizosokotwa, ambako jicho halifiki. Fundi huupitishia waya kitambaa cha pamba kwa urefu wake wote. Nyuzi ikiwa imekatika itakinasa kitambaa. Pale bolti ya chuma inapogusana na alumini, unyevu wa chumvi huzifanya metali hizo mbili zilane, na unga mweupe hutokea kuzunguka kichwa cha bolti. Unga huo huondolewa na kupakwa dawa ya kuzuia kutu, haufutwi tu kwa kitambaa. Nyigu wa udongo nao hupenda matundu madogo ya chini ya usukani, yale yaliyowekwa ili maji ya mvua yatoke. Yakizibwa, maji hukaa ndani, ukingo wa nyuma ukawa mzito, na ule ulinganifu wa risasi uliopimwa kwa uangalifu karakanani ukapotea bila mtu kugusa chochote. Ndiyo maana rubani wa pwani, baada ya mvua, huushika usukani kwa mkono, akauzungusha taratibu huku akiwa ametega sikio, kabla hajapanda ndani na kufunga mkanda.